Waacheni Wachore Pamoja



Muulize kijana wa miaka 15 hali yake, na jibu unalijua kabla hajafungua kinywa. "Niko sawa." Ukirudia swali atakwambia, "Niko sawa, Mama," halafu atachukua simu yake na kuelekea chumbani. Nasi wazazi huridhika upesi, maana jibu hilo linaturuhusu kuendelea na shughuli zetu.

Wengi wao hawako sawa. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17. Karibu nusu yao, yaani asilimia 44, walikuwa wamepatwa na tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Mmoja kati ya kila wanane alikuwa na dalili nzito kiasi cha kuhesabiwa kuwa mgonjwa kwa vipimo vya wataalamu. Katika darasa la wanafunzi 48, hao ni 6. Wala usidhani ni mambo ya Kenya tu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba duniani kote, kati ya kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na ugonjwa wa akili wa aina fulani, na wengi wao hawajulikani wala hawatibiwi.

Jioni ya leo nataka tuzungumzie njia moja ya kuwafikia vijana hao. Njia yenyewe ni kuwaketisha pamoja na kuwapa kitu cha kutengeneza: wachore, waigize, watunge, wafinyange, washone. Na nitasisitiza sana kule kutengeneza pamoja, kazi moja mikononi mwa watu wengi, kwa sababu naamini humo ndimo mlimo na nafuu.

Kwanza tujiulize ni kwa nini kijana hasemi. Tazama tulivyoyafanya majina ya hospitali zetu za magonjwa ya akili. Nairobi mtu akitaka kumtusi mwenzake humwambia anafaa kupelekwa Mathari. Tanzania bara atatajiwa Mirembe ya Dodoma, na Unguja ni Kidongo Chekundu. Hizo ni hospitali ambazo watu wanaingia wakiwa wanaumwa na wanatoka wakiwa na nafuu, lakini sisi tumezigeuza matusi, na watoto wetu wameyasikia matusi hayo tangu wakiwa wadogo. Leo huyo mtoto ana miaka 16, halali usiku, moyo unamwenda mbio akisikia kengele ya asubuhi, na anajua vizuri ataitwa nani akifungua kinywa. Akijaribu nyumbani, anaambiwa: "Wewe una shida gani? Unakula, unalala, karo imelipwa." Shuleni yupo mwalimu wa ushauri, ndiyo, lakini mara nyingi mwalimu huyo ana vipindi vyake vya Hisabati, ana daftari za kusahihisha, na huenda yeye ndiye aliyemwadhibu kijana huyo wiki iliyopita. Tena mlango wa ofisi yake uko mbele ya uwanja, na anayeingia humo anaonekana. Kabla ya prepu ya jioni, bweni zima limeshajua.

Kwa hiyo tunamtaka kijana afanye jambo ambalo hata sisi watu wazima linatushinda: akae mbele ya mtu mmoja mwenye mamlaka juu yake, amtazame usoni, aseme "mimi ninaumia."

Sasa nisikilizeni. Lipo jaribio lililofanyika hapa Kenya ambalo natamani kila mwalimu mkuu alijue. Liliongozwa na Tom Osborn, kijana wa Kenya ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa taasisi ya Shamiri, akiwa na wenzake akiwemo Profesa David Ndetei, daktari wa magonjwa ya akili anayejulikana sana katika nchi hii, pamoja na Doris Sommer, profesa wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023. Walishiriki vijana 235 wa miaka 13 hadi 19. Waliopangiwa njia iliyokuwa inajaribiwa walikutana siku 5, saa moja kila siku; wengine walikuwa kundi la kulinganishia. Basi. Wala hakuna aliyewaandikia vidonge.

Njia yenyewe inaitwa Pre-Texts, na Sommer ndiye aliyeiunda kwa kukusanya desturi za watu wa kawaida wa Amerika ya Kilatini. Mtu mmoja anasoma kwa sauti matini ngumu. Inaweza kuwa hadithi, inaweza kuwa ukurasa wa kitabu cha Sayansi. Wengine wanasikiliza huku mikono yao ina kazi: wanakata katoni kuukuu na kuipaka rangi, kila mmoja atengeneze jalada la kitabu. Huo usomaji wa kwa sauti umetoka viwanda vya sigara vya Kuba. Kule, tangu mwaka 1865, wafanyakazi walikuwa wakichanga pesa zao wenyewe kumlipa msomaji aketi mahali palipoinuka na kuwasomea magazeti na riwaya wakati wao wanasokota tumbaku. Watu ambao hawakwenda shule wakatoka kiwandani wanazijua riwaya za Ufaransa na tamthilia za Shakespeare. Majalada ya katoni nayo yametoka Buenos Aires. Uchumi wa Ajentina uliporomoka mwaka 2001, na mitaa ikajaa watu wanaookota makaratasi ili wapate chakula. Mwaka 2003 wasanii na waandishi wakaanza kununua katoni zao, wakazikata, wakazipaka rangi kwa mkono na kuzifanya majalada ya vitabu, kila kitabu na sura yake.

Baada ya kusomewa, kila kijana anaandika swali la kuiuliza ile matini. Maswali yanaanikwa kwenye kamba, kama vijitabu vya mashairi vinavyouzwa sokoni kaskazini mashariki ya Brazili. Kila mmoja anakwenda kwenye kamba, anachagua swali la mwenzake, analijibu. Kisha wanaigeuza ile matini kuwa kitu kingine: igizo, wimbo, mchoro, dansi, sanamu za miili yao wenyewe. Mwishoni wanaketi duara, na linaulizwa swali moja tu: tumefanya nini? Kila mtu anasema mara moja. Hakuna kusema mara ya pili kabla wote hawajasema, na mwendeshaji hamtaji mtu kwa jina ili kumlazimisha. Wanasubiri tu. Kimya kikiingia, kinaachwa kiwepo.

Angalieni jambo hili. Katika shughuli zote hizo hakuna mahali mtu aliposimama kuhutubia juu ya sonona wala wasiwasi. Hakuna aliyeambiwa asimulie mambo ya kwao. Hata hivyo, walipopimwa, dalili za sonona na za wasiwasi zilikuwa zimepungua kwa vijana hao kuliko kwa wenzao wa kundi la kulinganishia. Siku 5 za katoni, rangi, na kusikilizana.

Mimi si daktari, lakini nina maoni juu ya kwa nini ikawa hivyo. Kijana asiyeweza kusema "naogopa" anaweza kuuliza ni kwa nini mtu wa kwenye hadithi anaogopa. Akishaliandika swali hilo na kulianika kwenye kamba, atakuja mwenzake asiyejua limetoka kwa nani, alichukue, aketi nalo, alifikirie, alijibu kwa uzito. Hapo kijana yule wa kwanza amesikilizwa bila kujianika mwenyewe. Ameona kwamba hofu yake inaeleweka na mtu mwingine wa rika lake. Jambo hilo haliwezi kutolewa na mwalimu, wala na mzazi, hata tupende vipi. Linatoka kwa rika.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili, sijui ni kwa nini tunalistaajabia. Mtu wa pwani akiwa na la moyoni hulipitisha kwenye kanga, au humtuza mwimbaji wa taarabu ubeti unapofika pale panapomgusa, na ukumbi mzima unaelewa bila jina la mtu kutajwa. Kufumba ni adabu kwetu. Kijana anayefumba katika mchoro amekaa ndani ya mila zake, na anayemwambia "sema wazi, acha kuzungukazunguka" ndiye anayemtoa nje ya mila hizo.

Bara nako walikuwa na yao. Katika jando na unyago wa makabila ya kaskazini mashariki ya Tanzania, Washambaa wakiwemo, vijana walifundishwa kwa vinyago vya udongo. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na maana yake. Hans Cory, aliyefanya kazi ya utafiti wa mila wakati wa ukoloni, alivikusanya kwa wingi na kuviandikia kitabu mwaka 1956. Sisemi turudi jandoni. Yapo mengi humo ambayo hatuyataki tena, na wasichana ndio walioumizwa zaidi. Ila wazee wale walijua kwamba mambo mazito ya ujana, ya mwili, ya woga, ya kuingia utu uzima, kijana hufundishwa akiwa na wenzake, kwa wimbo na kwa kitu cha kushika mkononi. Tulipoyaacha tukabakiza hotuba.

Halafu kuna Tuseme. Wasikilizaji wa Tanzania mtaikumbuka. Mwaka 1996, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, maprofesa wa sanaa za maonyesho na waandishi wa tamthilia ambao wengi wetu tumewasoma, walianzisha mradi huo kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Wasichana walikaa kwanza wakachambua wenyewe yanayowakwamisha: mimba, kazi za nyumbani, wanaume wanaowanyemelea, walimu wanaowadharau. Kisha wakayageuza kuwa igizo lenye ngoma, nyimbo na hadithi za kwao, wakaliigiza mbele ya shule, mbele ya walimu haohao na wazazi haohao. Igizo likiisha, mazungumzo yanaanza. Baadaye Jukwaa la Wanawake Waelimishaji wa Afrika, FAWE, liliuchukua mradi huo na kuueneza katika nchi nyingine nyingi za bara hili. Tuseme haikujiita mradi wa afya ya akili, kwa kuwa siku zile maneno hayo yalikuwa hayajaenea. Lakini niambieni, msichana aliyekuwa amebeba siri ya kunyemelewa na mtu mzima, anayeamka na siri hiyo na kulala nayo, kisha siku moja akaiigiza jukwaani pamoja na wenzake saba, huyo amefanyiwa nini kama si kutuliwa mzigo?

Nimewahi kukaa na kikundi cha vijana mashariki mwa Nairobi, katika ukumbi wa kanisa, Jumamosi alasiri. Aliyewaongoza alikuwa dada mmoja mchoraji, bado kijana mwenyewe. Alikuwa ametandaza kitambaa cha marikani ukutani, kirefu kama ukuta wenyewe, akawaambia: "Choreni matatu. Moja tu, yenu nyote." Mnaijua Nairobi na matatu zake, yale mabasi madogo ya abiria. Hakuna kijana wa mtaani asiyejua nganya, yaani matatu iliyorembwa, inavyopambwa. Muda mrefu ulikwenda kwa kubishana: rangi gani, jina gani, taa zikae wapi, nani achorwe ubavuni. Walicheka sana. Nilianza kujiuliza kazi yenyewe itaanza lini. Sasa naona ilikuwa imeshaanza, kwani waliokuwa hawajuani waliendelea kukopeshana brashi.

Matatu ilipokwisha kupakwa rangi, yule dada akauliza: "Sasa ni nani amepanda? Amekaa wapi? Kuna aliyeachwa kwenye stegi?" Wakaanza kuongeza watu. Mvulana mmoja, ambaye hakuwa amesema neno tangu kuingia, akamchora mtu anayening'inia mlangoni. Hakuwa makanga. Alikuwa mtoto mwenye sare ya shule, na miguu yake haikugusa ngazi. Vijana wakatazama, wakaendelea na yao. Baada ya muda, msichana mmoja aliyekuwa anachora madirisha akasogea, akaongeza mkono unaotoka ndani ya gari na kumshika yule mtoto shati.

Walipoketi duara, kila mtu akasema lake. Zamu ya mvulana ilipofika, alitazama chini, akasema: "Huyo wa mlangoni amechoka kushikilia." Msichana akajibu: "Ndiyo maana nimemshika shati."

Yule dada hakumuuliza mvulana, "Huyo ni wewe?" Alimshukuru kama alivyowashukuru wengine, na duara likaendelea. Wakati wa kuosha brashi nje, kwenye mfereji, alikwenda kusimama karibu naye. Walichozungumza hapo sikukisikia, wala hakikunihusu. Ninachojua ni kwamba wiki iliyofuata kijana huyo alikwenda kliniki, na kuna mtu mzima aliyemsindikiza.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna kila kitu ninachotaka kusema. Mwongozaji mwingine angemvamia mvulana kwa maswali mbele ya wote, na mvulana angejibu, mnajua angejibu nini. Angesema yuko sawa.

Hapa ndipo ninapowaomba sana walimu na wazazi wenzangu. Mchoro wa mtoto msiusome kama daktari anavyosoma picha ya eksirei. Nimesikia watu wakisema kwamba mtoto akitumia rangi nyeusi ana huzuni, akichora nyumba isiyo na mlango kwao kuna ugomvi. Achaneni na hayo. Pengine rangi nyeusi ndiyo iliyobaki kwenye kopo. Anayejua maana ya mchoro ni aliyeuchora, na ataisema akitaka, siku anayotaka, kwa mtu anayemtaka.

Alikuwepo mwanamke mmoja aliyelielewa jambo hili katika mahali pabaya kuliko pote ninapoweza kupafikiria. Friedl Dicker-Brandeis alizaliwa Vienna mwaka 1898, akasomea sanaa katika shule maarufu ya Bauhaus kule Ujerumani. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1942 Wanazi walimpeleka katika ghetto ya Terezín, katika nchi iliyokuwa Chekoslovakia, na huko akawakusanya watoto na kuwafundisha kuchora kwa vipande vya karatasi vilivyookotwa. Aliwataka waandike majina yao kwenye michoro, katika mahali ambapo watu walikuwa wamegeuzwa namba. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa, na watoto wengi aliowafundisha waliuawa pia. Kabla ya kuondoka alikuwa ameficha masanduku mawili ya michoro ya watoto, yapata 4,500, ambayo hadi leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kiyahudi mjini Prague. Mwanafunzi wake mmoja, Edith Kramer, aliyekuwa amekimbilia New York mapema, akawa mmoja wa waasisi wa tiba kwa njia ya sanaa. Kwa hiyo kazi hii ninayoizungumzia, ambayo wengine wetu huiona ni mchezo wa watoto wa matajiri, ina mizizi mikononi mwa watu waliokuwa wamenyang'anywa kila kitu.

Nirudi kwetu. Kuna namna tatu za kuliharibu jambo hili, na zote nimeziona.

Ya kwanza ni kikombe. Sisi tunapenda mashindano. Shule zetu zina tamasha za muziki na maigizo ambazo mimi mwenyewe nazifurahia kila mwaka, na zimewatoa wasanii hodari. Lakini tamasha ni kazi nyingine. Kule mwalimu anaandika mswada, wanaochaguliwa ni wenye sauti, asiyejua kucheza anaachwa nje, na jaji ana kalamu mkononi. Kikundi ninachokizungumzia hakimwachi mtu nje, hakina alama, na mgeni wa heshima haalikwi. Mtaala mpya wa Kenya umeipa sanaa nafasi kubwa zaidi darasani, hata ikawa mojawapo ya njia za masomo katika sekondari ya juu, na hilo ni jema. Lakini somo lina mtihani, na kijana hawezi kuuweka moyo wake mbele ya mtu anayempa alama.

Ya pili ni kamera. Mara kikundi kinapoanza kupata nguvu, atatokea mtu wa kupiga picha: za mfadhili, za ukurasa wa shule, za kundi la wazazi la WhatsApp. Yule mtoto anayening'inia mlangoni mwa matatu ataonekana na shangazi yake Kisumu kabla jua halijatua. Nawaombeni, michoro ikae chumbani ilikochorwa. Vijana wenyewe wakiamua kuionyesha, sawa, na waamue wote.

Ya tatu ndiyo yenye hatari zaidi: kudhani kwamba sanaa inatosha. Haitoshi. Kijana akionyesha kwa maneno au kwa mchoro kwamba anafikiria kujiua, hapo kazi ya brashi imesimama. Usimwache peke yake, usimkemee, usimhubirie. Mpeleke hospitali, na uende naye. Usiri tunaowaahidi vijana lazima uwe na mpaka huo, na waambiwe tangu siku ya kwanza, ili asiwepo wa kusema alisalitiwa. Kwa hapa Kenya niongeze neno moja. Kwa miaka mingi watu waliogopa kwenda hospitali kwa sababu kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai, chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Hofu ya polisi isimzuie mzazi yeyote kumwokoa mwanawe.

Vifaa visiwe kisingizio. Katoni zimejaa nyuma ya kila duka. Gundi hupikwa kwa unga wa ngano na maji. Makaa huchora vizuri sana, na udongo wa mfinyanzi unachimbwa bure. Shuka kuukuu ni turubai tosha. Nimeona kikundi kikitengeneza kanga yao, wakabishana juma zima juu ya jina lake, yaani maneno ya kuandikwa kwenye kanga, na ubishi ule ulikuwa mazungumzo mazuri kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Kilicho adimu ni mtu mzima anayeweza kukaa kimya kwa saa moja. Mtu huyo si lazima awe na digrii ya saikolojia, ingawa afunzwe kidogo, ajue dalili za hatari na ajue pa kumpeleka kijana. Vijana waliomaliza kidato cha nne juzijuzi wanaifanya kazi hii vizuri ajabu, maana wanafunzi huwaona kama kaka na dada zao.

Na mwongozaji achore pia. Asisimame nyuma na daftari. Aketi sakafuni, rangi imchafue mikono.

Wapo watakaoniuliza kama kuchora kunampeleka mtoto chuo kikuu. Nawajibu kwa heshima: mtoto asiyelala usiku hasomi mchana. Karo unayolipa kwa shida inapotea kila siku anayokaa darasani akitazama ubao bila kuuona. Saa moja kwa juma haitamnyima alama.

Kwa hiyo nina maombi. Mwalimu mkuu unayenisikiliza, kabla ratiba ya muhula ujao haijabandikwa, tenga saa moja ya Ijumaa alasiri na chumba chenye mlango unaofungika, na usiikabidhi saa hiyo kwa somo lolote hata mtihani ukikaribia. Mzazi, mwanao akirudi na rangi kwenye sare, ifue bila kumuuliza alichora nini. Na wewe kijana uliyeketi pembeni ukisikiliza redio ya wazazi wako, ukimwona mwenzako amemchora mtu anayening'inia, chukua brashi umwongezee mkono.